Nani Kaua Kiwanda?

Mwezi uliopita tulikaa watu kama kumi na wawili kwenye mgahawa kujadili Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Mjadala ulikwenda vizuri mpaka jamaa mmoja, msomaji mzuri tu na ninayemheshimu, akatoa hoja yake: vitabu hivi vilitufundisha kugoma, tukagoma, viwanda vikafa, na leo tunalia hakuna ajira. Watu wakacheka. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na mhudumu alishaanza kupandisha viti juu ya meza. Lakini maneno yale yameninyima usingizi, na naona nimjibu hapahapa, mbele ya wasomaji wenzetu.

Tuanze na kitabu chenyewe. Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inamfuata Rashidi, mtoto wa kuli, hadi kwenye mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Mgomo ule haukutungwa na mwandishi. Ulitokea kweli, na haukuwa peke yake. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama. Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam wakaweka mizigo chini. Kisha ikafuata Zanzibar. Hebu itazame miji hiyo mitatu: yote ni bandari. Mwingereza aliweza kumkamata kiongozi, na alimkamata: Chege Kibachia wa Mombasa alitupwa kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na watu wake. Kitu kimoja hakukiweza, nacho ni kuibeba bandari akaenda nayo. Gati liko palepale, meli imetia nanga, karafuu zinangoja. Kuli ana njaa, sawa, lakini tajiri naye kila siku inayopita anahesabu hasara, na hana pa kukimbilia.

Sasa chukua Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981. Lanina anawaongoza wafanyakazi dhidi ya Delamon, mzungu mwenye shamba. Shamba nalo halihami. Njoo mpaka Mstahiki Meya ya Timothy Arege, wanayoijua vizuri waliosoma sekondari Kenya. Pale wanaogoma ni wafanyakazi wa baraza la mji wa Cheneo. Meya anaweza kuwa mjinga, mlafi na mkatili, lakini hawezi kuufunga mji akaufungua nchi jirani.

Bandari, shamba, mji. Katika kazi zote hizi tatu, mwajiri hana miguu. Ndiyo maana mgomo katika fasihi yetu una nguvu: pande mbili zinashikana mashati ndani ya chumba ambacho hakuna anayeweza kutoka. Nazipenda kazi hizi na sitaki mtu azidharau. Ila zinatuachia pengo moja kubwa. Hazikutuandaa kukutana na mwajiri mwenye miguu, yule ambaye mkikaa naye mezani ameshashika funguo za geti mkononi.

Kufunga kiwanda ni mgomo. Ni mgomo wa mwenye mali. Mfanyakazi akizuia mikono yake, tunasema amegoma, tunamwita mchochezi, na wakati mwingine tunamwitia askari. Mwenye mali akizuia mtaji wake, tunasema "mazingira ya biashara yamekuwa magumu," tunamwandikia habari ya kumpa pole. Kitendo ni kilekile, cha kuzuia ulichonacho ili mwenzako alegee. Tofauti ni kwamba mmoja anazuia chakula cha watoto wake mwenyewe na mwingine anazuia chakula cha watoto wa wenzake.

Nitatoa mfano wa mbali, Marekani, kwa sababu moja tu: kule kampuni kubwa ikifilisika inapitia mahakamani, na hesabu zake zinaanikwa juani. Huku kwetu mara nyingi tunabaki na tetesi.

Kulikuwa na kampuni ya mikate na keki inaitwa Hostess. Keki zake ndogo, Twinkies, Mmarekani anazijua tangu utotoni kama sisi tunavyojua maandazi. Novemba 9, 2012 waokaji wa kampuni hiyo waligoma. Novemba 16, wiki moja tu baadaye, kampuni ikatangaza inafunga kabisa. Zaidi ya watu 18,000 wakakosa kazi. Vichwa vya habari unaweza kuvibuni mwenyewe: waokaji wameua Twinkies. Ukiishia hapo, jamaa yangu wa mgahawani ameshinda.

Lakini rudi nyuma. Kampuni hiyo ilikuwa imekwenda mahakamani kwa kufilisika mara ya kwanza mwaka 2004, ikatoka mwaka 2009. Katika kipindi hicho wafanyakazi walikubali kupunguziwa mishahara na mafao, na maelfu ya nafasi za kazi zikafutwa. Walifunga mkanda, kama walivyoombwa. Kampuni ikatoka mahakamani na madeni makubwa mgongoni na wawekezaji wapya kwenye usukani. Mwaka 2011 bodi ikaidhinisha mshahara wa mkurugenzi mkuu upande kutoka dola 750,000 hadi zaidi ya dola milioni 2.5. Mwaka huohuo kampuni ikaacha kupeleka michango ya pensheni ya wafanyakazi. Na sehemu ya fedha hiyo ilikuwa jasho lao hasa: nyongeza za mshahara walizokubali wasizipokee mkononi ili ziende kwenye uzee wao. Zikatumika kuendeshea kampuni. Jambo hilo lilipoandikwa magazetini Desemba 2012, mkuu wa mwisho wa kampuni hakulikana. Alisema yeye hakuwepo maamuzi yalipofanywa.

Januari 2012 kampuni ikarudi mahakamani, na kwa wafanyakazi wakaletewa karatasi nyingine: mshahara upungue asilimia 8, bima ya afya iwagharimu zaidi, pensheni isimame miaka kadhaa. Ili kuwatuliza waliahidiwa robo ya hisa za kampuni ambayo ilikuwa imefilisika mara mbili ndani ya miaka minane. Madereva walipiga kura, na kwa tofauti ndogo wakakubali. Waokaji wakakataa kwa asilimia 92. Na hapa lazima niseme kweli: madereva wengi waliwakasirikia waokaji, na ninawaelewa. Mtu aliyemeza shubiri ili aokoe kazi halafu kazi ikaenda hata hivyo ana haki ya kukasirika. Ila waliomeza na waliotema walikutana kwenye foleni moja ya wasio na kazi.

Siku chache baada ya tangazo la kufunga, mahakama iliruhusu mameneja wapewe bonasi, jumla hadi dola milioni 1.8, kwa kazi ya kuizika kampuni. Mwaka 2013 jina la Hostess na keki zake vikauzwa kwa dola milioni 410. Julai 15 mwaka huo Twinkies zikarudi madukani, zikiokwa na watu wachache zaidi na bila mikataba ya zamani ya vyama vya wafanyakazi. Na mwaka 2023 kampuni hiyo mpya ikanunuliwa na J.M. Smucker kwa dola bilioni 5.6, madeni yakiwemo. Sasa niambieni, kilichokufa ni nini? Keki ipo. Jina lipo. Faida ipo tena tele. Waliozikwa ni watu na mikataba yao.

Narudi nyumbani. Pan Paper ya Webuye, magharibi mwa Kenya, ilikuwa kiwanda cha karatasi, na sisi wapenzi wa vitabu tungepaswa kukijua kuliko watu wengine. Kilianza miaka ya 1970, mji ukakua kukizunguka. Mwaka 2009 kikasimama, kimeelemewa na madeni. Kikafufuliwa kwa shamrashamra, kikalala tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa mwekezaji binafsi. Ni mgomo gani ulioua Pan Paper? Nitajie. Deni halibebi bango, haliimbi barabarani, kwa hiyo hakuna anayelilaumu. Na riwaya ya Webuye iko wapi? Mji mzima uliishi kwa kutengeneza karatasi, na sisi hatujaandika ukurasa mmoja unaokumbukwa kuuhusu.

Haya mambo siyasemi kwa kusimuliwa. Nimewahi kufanya kazi kwenye chumba cha habari ambako tuliitwa ukumbini, tukaambiwa sisi ni familia, na familia wakati wa shida hufunga mkanda. Tukasaini kupunguziwa mshahara "kwa miezi mitatu." Nilisaini haraka kuliko wenzangu, tena nikamshawishi kaka mmoja wa dawati la michezo aliyekuwa anasitasita. Miezi mitatu ikawa kumi na moja. Kisha majina yakabandikwa. Jina langu halikuwemo, lake lilikuwemo. Na alipokokotolewa kiinua mgongo chake, wakatumia mshahara mpya, ule uliopunguzwa, sio wa zamani. Yaani kile alichokubali kukipoteza kwa ajili ya kampuni ndicho kilichotumika kumpunja siku ya kuondoka. Alinitazama tu, hakusema neno. Tangu siku hiyo nikisikia neno "familia" kutoka kwa bosi najishika mfuko.

Na kiinua mgongo chenyewe ni kiasi gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakoma kwenye miaka 10. Piga hesabu: aliyetumikia miaka ishirini anapata siku 70 sawa na wa miaka kumi. Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 inasema siku zisizopungua 15 kwa mwaka. Hizo ni siku za chini kabisa, waungwana wanaruhusiwa kuzidisha. Waungwana wangapi umewaona?

Najua jibu litakalokuja. "Ndugu mwandishi, kuna kampuni ambazo kweli hazina hela. Ulitaka bosi achapishe noti?" Hapana. Sisemi kila mwajiri ni mwongo, wala kila mgomo una hekima. Watu walishaanza kuacha mikate na keki za Hostess zamani. Hilo si la kuzua. Kuna wakati kufunga mkanda ndiyo njia pekee, na nimeona wafanyakazi wakiufunga kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni mkanda wa upande mmoja, na kufunga mkanda gizani. Sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aweke wazi habari zote zinazohusika, na ashauriane nao. Basi tuanzie hapo. Unataka nikusamehe sehemu ya mshahara wangu? Fungua vitabu vya hesabu. Nioneshe mkopo ulichukuliwa lini na ulikwenda wapi, na mshahara wako wewe umepungua kiasi gani. Andika kwamba mshahara uliosamehewa ni deni, una tarehe ya kurudi, na kwamba nikiondoka kabla haujarudi, kiinua mgongo kitahesabiwa kwa mshahara wa zamani. Benki haiwezi kukukopesha hata laki moja bila karatasi. Kwa nini mfanyakazi akukopeshe robo ya maisha yake kwa hotuba ya ukumbini?

Na hapa ndipo nawageukia waandishi, maana blogu hii ni ya fasihi. Lawama ni simulizi. Anayesimulia kwanza ndiye anayeamua nani kaua kiwanda. Taarifa ya kampuni kwa vyombo vya habari ni hadithi fupi: ina shujaa, mwekezaji, ina adui, chama cha wafanyakazi, ina mwisho wa kusikitisha. Inaandikwa usiku mmoja na inafika kila mahali asubuhi. Nimewahi kuzipokea hadithi hizo kwenye barua pepe na kuzipitisha karibu kama zilivyo, kwa sababu gazeti lilikuwa linangoja kwenda mtamboni. Sisi waandishi wa habari tuna dhambi hiyo. Lakini riwaya haingoji mtambo. Riwaya ina nafasi ya kumfuata mpishi wa mamantilie wa nje ya geti anapopunguza sufuria kutoka nne hadi moja. Ina nafasi ya mlinzi anayeendelea kulinda mashine zilizozimwa, mshahara wake ukilipwa na mfilisi. Ina nafasi ya fundi wa miaka hamsini anayejua kuitengeneza mashine moja tu duniani, na mashine hiyo imeuzwa chuma chakavu.

Shafi Adam Shafi alitupa kuli aliyesimama wima. Ilikuwa kazi ya wakati wake na aliifanya. Wa wakati wetu ni yule aliyesaini karatasi ukumbini, akalegeza mara ya kwanza, akalegeza mara ya pili, kisha asubuhi moja akakuta mnyororo mpya getini na tangazo limebandikwa. Huyo hana kitabu. Na kwa kuwa hana kitabu, watu wazuri, wasomaji wazuri, wanakaa mgahawani na kusema aliyeua kiwanda ni yeye.

Jamaa yangu, mwezi ujao tunakutana tena palepale. Njoo na hoja yako. Mimi nitakuja na yule kaka wa dawati la michezo, kama atakubali. Siku hizi anauza chaji na kava za simu. Muulize yeye aligoma lini.