Mrehani Umo Uani

Liko kundi la waandishi wa mapishi katika lugha yetu lililojipa kazi ya kuwatia watu haya ndani ya majiko yao. Fungua ukurasa wao wa piza: unga haujatajwa, umeshatumwa dukani. Ununue mozzarella, ununue oregano, ununue basil kavu ya kichupa, tena uwe na tanuri la umeme. Asiye navyo anapika chapati tu, asijitape.

Nami nimo katika kundi hilo, basi nianze kwa kujishitaki. Miaka mingi nyuma nilifasiri kijitabu cha mapishi, nikaona fahari kutoacha hata neno moja. Palipoandikwa basil niliandika basil, nikidhani huo ndio uaminifu wa mfasiri. Dada yangu alikifuata kijitabu kile herufi kwa herufi. Fedha ya kitoweo cha siku tatu ilikwenda kwa kipande cha jibini na kichupa cha majani makavu. Alipoyanusa majani yale akaniita: “Kaka, si mrehani huu?” Ulikuwa mrehani. Umejaa uani kwake, na jioni huuchuma akautia katika vikuba vya asmini. Mimi niliyejifunza Kiingereza kwa kamusi na taa ya chemni nilikuwa nimemuuzia dada yangu mmea wake mwenyewe.

Watetezi wa usahihi hutuelekeza Napoli. Haya, twende Napoli. Huko piza ilikuwa chakula cha mafukara, ikiuzwa njiani, na kilichowekwa juu yake kilitegemea siku imeleta nini: mafuta, thomu, visamaki. Tungule zenyewe si za kwao, asili yake ni Amerika. Na chama kilichoundwa mjini humo mwaka 1984 ili kuilinda piza ya asili kinaikubali ile iitwayo marinara, ambayo haina jibini hata chembe: ni tungule, thomu, oregano na mafuta ya zeituni. Sasa huyu anayemwambia mama wa Makunduchi kwamba bila jibini hapana piza, sheria hiyo kaitoa wapi?

Jikoni kwetu mna unga wa ngano, hamira na chumvi. Ukande kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, uufunike mpaka uumuke. Tungule uzipike na thomu hadi maji yakauke kabisa, na hapa sina msamaha, kwani rojo la majimaji hulifanya donge kuwa uji. Juu yake weka jodari wa kuchoma aliyebaki jana, au bilingani, au pilipili boga, lakini kwa uchache. Kutumia kilichopo si kumwaga kabati zima. Ama tanuri, mwenye kujua kuoka mkate wa kumimina hana la kufundishwa: sufuria pana, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Mrehani mbichi utie ukishaepua.

Wako watakaoniuliza habari za ile “piza ya Zanzibar” ya Forodhani. Naila, tena kwa raha. Lakini ule ni mantabali, chapati nyembamba iliyokunjwa juu ya nyama na mayai, na sioni kwa nini ukose jina lake mbele ya mgeni. Mimi niliacha jina geni juu ya mmea wetu. Wao wamelibandika juu ya mkate wetu.

Kijitabu changu sasa kinataka kuchapishwa upya. Nimepeleka masahihisho: mrehani badala ya basil, makaa badala ya tanuri, jibini “ikiwapo”. Mchapishaji amenijibu kwamba wasomaji hupenda majina ya kigeni, kwa kuwa yana hadhi. Nimemwandikia kwamba likitolewa neno mrehani, na jina langu litolewe.