Mpeni Mteknolojia wa Mionzi Namba Yake

Muulize mteknolojia wa mionzi wa hospitali ya wilaya yako swali moja tu: mwaka jana mwili wako ulipokea milisivati ngapi? Atakutajia foleni ya wagonjwa wa jana. Atakuambia mashine ilikufa lini, fundi aliitwa lini na alifika lini. Atakuonyesha aproni ya risasi yenye ufa, ambayo mbadala wake unaombwa kila bajeti. Lakini namba hiyo, mara nyingi mno, hana. Beji anayoivaa kifuani huvuliwa, hukusanywa kwenye bahasha, hupelekwa kusomwa, na majibu yakirudi huingia kwenye faili ambalo yeye hajawahi kulifungua. Mtu aliyekula chumvi nyingi katika chumba cha eksirei hajui mwenyewe amekula mionzi kiasi gani.

Hii ni dhuluma, na nitaiita hivyo bila kuzunguka. Hospitali hiyo hiyo inajua kila shilingi iliyokusanywa dirishani. Inajua katoni za glovu zilizobaki stoo. Hesabu inayokosa mwenyewe ni ya kile kinachopita katika mwili wa mtumishi wake.

Wala tusisingizie ukosefu wa sheria. Tanzania ina sheria ya kinga ya mionzi tangu 1983. Mwaka 2003 Bunge likapitisha Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7, ikazaliwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na mwaka uliofuata zikatoka kanuni za kujikinga na mionzi ayonisha. Mwaka 2007 ikaja sheria ya wanataaluma wa radiolojia yenye baraza lake. Kikomo kinachofuatwa duniani kinafahamika: mfanyakazi asizidi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, wala asivuke 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa raia wa kawaida ni milisivati 1. Viwango vya usalama vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, toleo la 2014, vinataka mfanyakazi aweze kuiona rekodi yake, na rekodi hiyo itunzwe mpaka afikishe umri wa miaka 75, tena isipungue miaka 30 tangu aache kazi. Miaka thelathini! Walioandika hivyo walijua kuwa saratani ya mionzi haina haraka. Ile ya damu huweza kujitokeza ndani ya miaka michache. Nyingine husubiri miaka kumi, ishirini na zaidi, mtu ameshastaafu, yuko kijijini analima.

Mfikirie mstaafu huyo siku atakapoambiwa ana saratani ya damu. Nchi ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo ndani yake. Ataulizwa ushahidi. Wapi ataupata? Hospitali aliyoanzia imebadilishiwa uongozi mara nne, chumba cha kumbukumbu kimehamishwa, faili halionekani. Kiwango alichopokea ndiyo shahada ya pekee ambayo mwili wake ungeweza kuitoa mbele ya mwajiri, na shahada hiyo ilikabidhiwa kwa mwajiri mwenyewe aitunze. Kesi ya namna hiyo imekwisha kabla haijaanza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba namba hiyo, kwa wengi, ingekuwa habari njema. Katika idara inayofuata taratibu, mteknolojia wa eksirei za kawaida hupokea kiasi kidogo sana, sehemu ndogo ya kile kikomo cha 20. Kumnyima mtu habari inayoweza kumtuliza ni ukatili wa bure. Na pale namba inapofichwa, uvumi huchukua kiti chake. Ndipo unapomsikia kijana wa mwaka wa kwanza kazini akiambiwa na wenzake kwamba hatapata watoto. Ndipo unapokuta watu wanakunywa maziwa kusafisha mionzi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayasafishi mionzi, kwa sababu mionzi ya eksirei haibaki mwilini wala ukutani. Swichi ikizimwa, imekwisha. Kinachoachwa nyuma ni madhara iliyokwisha kuyafanya kwenye chembe hai ilipokuwa inapita, na hayo hayaoshwi kwa kinywaji chochote. Kinachomkinga mtu ni muda mfupi, umbali na risasi nzito. Ukiuongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia inabaki robo. Somo hilo hufundishwa muhula wa kwanza, kisha mtu anapelekwa kufanya kazi katika chumba ambacho hakina mahali pa kurudi nyuma.

Hapa nataka kusema jambo litakalowaudhi baadhi ya wateknolojia wenyewe. Kila Novemba 8, siku ya kukumbuka ugunduzi wa eksirei uliofanywa na Röntgen mwaka 1895, dai linalopazwa kwa sauti kubwa kuliko yote ni posho ya mazingira hatarishi. Naielewa njaa iliyo nyuma ya dai hilo, maana mishahara ni midogo na usiku ni mrefu. Lakini posho haizuii mionzi. Viwango vile vile vya 2014 vimeandika waziwazi kwamba nyongeza ya mshahara, likizo ya ziada au bima maalumu visitolewe badala ya kinga. Mwajiri mjanja anaipenda posho kwa sababu inamgharimu kidogo kuliko kujenga ukuta, kuning'iniza aproni nzima na kuajiri mtu wa pili. Akishakulipa, anajiona amekununulia hatari. Mwenzangu, ukidai fedha kabla ya kudai kinga, umeshakubali kwamba mwili wako una bei, na kilichobaki ni kupatana. Dai mshahara bora kwa sababu kazi yako ni ngumu na ina utaalamu. Kinga idai peke yake, kama haki isiyokatwa kwa senti.

Njooni sasa tuingie vyumbani. Mtoto wa miaka miwili ameletwa, analia, anajinyonganyonga, picha ya kifua inahitajika. Kanuni ni kwamba atumike mkanda au kifaa cha kumtuliza. Ikishindikana, ashikwe na mzazi asiye mjamzito aliyevalishwa aproni, na asimame nje ya njia ya mionzi. Kinachotokea mahali pengi ni kwamba anayeshika ni mtumishi yule yule, asubuhi mtoto huyu, mchana yule, kwa sababu mama ana mimba nyingine na aproni ni moja. Mshiko mmoja ni mionzi kidogo. Mishiko ya miaka ishirini ni kitu kingine, na hakuna anayeihesabu kwa kuwa beji, siku hiyo, ipo kwenye droo.

Tuende chumba cha upasuaji wa mifupa, penye ile mashine ya mkono wenye umbo la C. Daktari anaomba picha nyingine, na nyingine, na nyingine tena, mguu wake ukiwa umekanyaga pedali huku akiangalia msumari unavyoingia. Mionzi inagonga mwili wa mgonjwa na kutawanyika chumba kizima, na sehemu iliyo kali zaidi ni upande bomba la eksirei lilipo. Bomba likiwekwa chini ya meza, nyuso na macho ya waliosimama hupona sehemu kubwa ya mtawanyiko huo. Likiwekwa juu, unapanda moja kwa moja usoni. Ni nani chumbani mle mwenye elimu ya kusema, "Daktari, ondoa mguu, tuigeuze mashine kwanza"? Ni mteknolojia. Na ni nani mwenye mamlaka ya kusema hivyo bila kukaripiwa? Si yeye. Muuguzi wa ganzi amesimama karibu bila kola ya shingoni ya kulinda tezi, na pengine hajawahi kupewa beji kabisa. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilipendekeza kikomo cha lenzi ya jicho kishushwe kutoka milisivati 150 kwa mwaka hadi 20, kwa sababu ilibainika mtoto wa jicho huja kwa kiwango cha chini kuliko kilichodhaniwa. Niambieni, miwani ya risasi iliingia katika vyumba vyetu vingapi vya upasuaji baada ya hapo?

Na aproni zenyewe! Aproni ya risasi hutundikwa. Ikikunjwa na kutupwa juu ya kiti, tabaka la ndani linapasuka, na mara nyingi ufa hauonekani kwa macho; lazima ipigwe picha angalau mara moja kwa mwaka ili uonekane. Idara inayomiliki mashine ya eksirei imeshindwaje kuipiga picha aproni yake?

Inashindwa kwa sababu aliyepo ni mmoja. Huu ndio mzizi, na hapa ndipo namba inapofichwa. Hospitali yenye mteknolojia mmoja au wawili haitaki kujua kwamba mmoja wao amepokea kiasi kilichozidi. Ikijua, italazimika kuchunguza, na pengine kumtoa chumbani kwa muda. Ikimtoa, chumba kinafungwa, mapato yanasimama na majeruhi wa bodaboda wanasafirishwa hadi mkoani. Basi ni heri isijue. Mtumishi naye analijua hilo, kwa hiyo beji anaiacha mezani siku za kazi nyingi, au anaitundika na aproni ndani ya chumba cha kupigia picha, na kinachosomwa huko mwisho kinakuwa uongo kwa pande zote mbili. Wanawake ndio wanaoumia zaidi. Mteknolojia mjamzito anapaswa kumwarifu mwajiri mapema, na tangu hapo kazi ipangwe ili mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisivati 1 hadi kuzaliwa. Kuarifu huko hakumwondolei kazi. Viwango vinakataza taarifa hiyo kufanywa sababu ya kumtenga. Lakini pale alipo peke yake kwenye zamu, anaficha mimba mpaka ijionyeshe yenyewe, na majuma ambayo kiumbe ni dhaifu zaidi yanapita bila kinga yoyote.

Kwa upande wa mashine, serikali imenunua, na inastahili kupongezwa kwa hilo. Mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliozinduliwa Oktoba 2021 kukabili athari za UVIKO-19 uliongeza mashine za CT-Scan na za eksirei za kidijitali katika hospitali za umma. Wagonjwa waliokuwa wakisafiri usiku kucha kufuata kipimo katika hospitali za Muhimbili au Bugando sasa wanakipata mkoani kwao. Lakini mashine ilishushwa kwenye lori, utepe ukakatwa, na mafunzo ya anayeiendesha yakaachwa kwa fundi wa kampuni, anayeonyesha vitufe kwa siku chache na kuondoka. Wapo watumishi waliosomea filamu na chumba cha giza. Katika filamu, ukizidisha mionzi picha inakuwa nyeusi na kosa lako linaonekana papo hapo. Katika mashine ya kidijitali, ukizidisha, picha inatoka safi, nzuri kuliko ya jirani; kompyuta imelifunika kosa na mgonjwa amelibeba. Hivyo viwango vya mionzi vinapanda polepole, mwezi kwa mwezi, bila mtu kushtuka. CT-Scan ya tumbo humpa mgonjwa takriban milisivati 8 hadi 10, makumi ya picha za kifua kwa mkupuo mmoja. Mtoto akipigwa kwa mipangilio ya mtu mzima, anabeba mzigo usiomhusu, na miaka iliyo mbele yake ya kuugua kutokana nao ni mingi kuliko ya babu yake. Kupunguza mipangilio hiyo hakuhitaji ununuzi wowote. Kunahitaji mtu aliyefundishwa, anayerudishwa darasani kila baada ya muda, na anayekaa na wenzake kuhesabu picha zilizorudiwa na sababu zake. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwa vitendo nao wapewe beji siku ya kwanza. Hakuna kisingizio cha mwanafunzi kusimama chumbani kama mtu asiye na mwili.

Mjini Hamburg, Ujerumani, tangu 1936 kuna mnara wenye majina ya watu waliouawa na kazi ya mionzi, madaktari, wauguzi na mafundi. Wengi wao hawakujua wanachokichezea. Clarence Dally, msaidizi wa Edison, alikatwa mikono yote miwili na akafa mwaka 1904, kabla kikomo chochote hakijawekwa. Wao walikuwa na udhuru wa kutojua. Sisi tunajua, tuna vipimo, tuna sheria, na tumeamua kuweka majibu kabatini.

Waganga wakuu, kazi yenu ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Majibu ya beji yakifika, kila mtumishi asainishwe kwamba ameyaona, apewe nakala yake, na anapohamishwa rekodi imfuate kama unavyomfuata mshahara wake. Tume ya Nguvu za Atomu inapokagua chumba isiishie kupima kuta na kutazama leseni. Imwite mteknolojia pembeni imuulize namba yake, na hospitali ambayo mtumishi wake hawezi kujibu ihesabiwe kuwa imefeli ukaguzi. Baraza la wanataaluma wa radiolojia lisihuishe leseni ya mtu kwa ada peke yake bila kuuliza amejifunza nini kipya.

Nawe mteknolojia, vaa beji yako, kifuani, chini ya aproni, kila siku, hata siku unayoogopa itasoma kingi, maana hiyo ndiyo siku itakayokutetea. Kisha wiki hii andika barua kwa mwajiri wako. Omba rekodi ya mionzi uliyopokea tangu siku ya kwanza kazini, kwa maandishi, mwaka kwa mwaka. Nakala ipeleke Tume. Wasipojibu, andika tena.