Mafunzo ya kilimo hai Nyakahura yaanzie shambani, si ukumbini

MKULIMA wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, anapoandaa shamba la mahindi kabla ya mvua za vuli, swali la kwanza huwa fedha za mbolea. Msimu wa 2022/23, baada ya mfuko wa kilo 50 kuvuka Sh100,000, Serikali ilitoa ruzuku na kuushusha hadi Sh70,000. Hata kwa bei hiyo, mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa urea kwa ekari ni Sh140,000, kabla ya mbegu na palizi.

Ruzuku ni msaada mkubwa, lakini bei ya mbolea huamuliwa mbali na Kagera. Ndiyo maana mafunzo ya kilimo hai na cha kujitegemea yanahitajika. Tatizo ni namna yanavyotolewa. Mara nyingi semina hufanyika ukumbini kwa siku mbili, washiriki hupewa posho na vipeperushi, kisha kila mmoja hurudi kwake. Mboji ikikataa kuiva, hakuna wa kumuuliza.

Kilimo hiki si kigeni Kagera. Kibanja cha migomba, kahawa na maharage kilidumu vizazi na vizazi kwa samadi ya ng'ombe na matandazo ya nyasi. Kilichopungua ni ng'ombe na maeneo ya kukata nyasi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo mafunzo yafuate msimu mzima, shambani kwa mkulima mwenyewe. Robo ekari itiwe mboji na kuchanganywa mahindi na maharage. Sehemu nyingine ilimwe kama kawaida. Kila siku ya kazi na kila debe la mavuno viandikwe daftarini, kwani mboji nayo ina gharama: hutaka maji, kugeuzwa na takriban miezi mitatu kuiva. Asiye na ng'ombe anaweza kupatana na mfugaji, atoe mabua ya malisho apate samadi. Mkulima akiona hesabu yake mwenyewe, hatahitaji kushawishiwa.

Asidanganywe pia kuhusu soko. Mnunuzi wa gulioni haongezi bei eti kwa sababu maharage hayakutiwa kemikali. Bei ya ziada huhitaji uthibitisho, kama ule wa kahawa hai iliyouzwa nje na Chama Kikuu cha Ushirika Kagera (KCU), na wakulima hawana budi kuutafuta kwa vikundi. Hadi hapo, faida ya kwanza ni fedha ambazo hazikutoka mfukoni.

Mwaka 2023 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai unaofikia 2030. Kipimo chake vijijini kisiwe idadi ya waliosaini mahudhurio ya semina, bali idadi ya kaya ambazo msimu wa tatu bado zina lundo la mboji nyuma ya nyumba.