Picha ya bidhaa ikivuka mpaka, risiti ya mpiga picha haitoshi

Mfanyabiashara anayepeleka viatu vya ngozi kutoka Arusha kwenda Nairobi kupitia Namanga anazijua karatasi zake. Kama mzigo hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na bidhaa ni za ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hujaza cheti rahisi cha uasilia, huonyesha ankara na kuendelea na safari. Kuna kitu kimoja kwenye mzigo huo ambacho ofisa wa forodha hakiulizi, na mwenye mzigo mara nyingi hakifikirii: picha iliyochapishwa juu ya boksi.

Picha hiyo ina mwenyewe. Anaweza kuwa mfanyabiashara aliyeilipia, anaweza kuwa mpiga picha aliyeipiga. Jibu linategemea waliandikiana nini, na mara nyingine linategemea swali limeulizwa upande upi wa mpaka. Na kama kwenye picha kuna binti aliyevaa viatu hivyo, naye ana haki yake, ambayo si ya mpiga picha wala ya mwenye viatu.

Zamani hili halikuwa jambo kubwa. Mteja wa Kampala au Bujumbura alifika sokoni, akashika bidhaa, akapatana bei. Sasa anaiona kwanza kwenye simu. Picha iliyopigwa kwa ajili ya WhatsApp inapendeza, inapelekwa Instagram, mwezi unaofuata inachapishwa kwenye lebo, kisha inawekwa kwenye bango la wakala ng'ambo ya mpaka. Mfanyabiashara anaona ni picha ileile. Kisheria ni matumizi manne tofauti, na huenda makubaliano yake na mpiga picha yaligusa moja tu.

Kulipia kazi na kununua haki

Chanzo cha migogoro mingi ni kuchanganya vitu viwili: picha yenyewe na haki ya kuitumia. Anayenunua kanga Kariakoo anaweza kuivaa, kuitoa zawadi au kuiuza tena. Hajapata ruhusa ya kuipeleka kiwandani achapishe marobota ya kanga zenye mchoro uleule. Picha nayo iko hivyo. Kupokea faili kwenye simu au barua pepe ni kupokea nakala. Haki ya kuichapisha, kuisambaza na kuibadilisha ni jambo jingine, nalo ndilo linaloitwa hakimiliki.

Haki hiyo hutoka kwa mwenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuihamisha moja kwa moja, sawa na mtu anayeuza kiwanja. Akishauza hana tena neno juu ya matumizi yake. Ya pili ni leseni, inayofanana na kupangisha fremu ya duka. Mwenye fremu anabaki kuwa mwenyewe, na mpangaji anaitumia kwa kazi waliyokubaliana na kwa muda waliokubaliana. Leseni inaweza kuwa ya pekee, yaani mteja mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kutumia picha hiyo, au ya kawaida, ambapo mpiga picha anaweza kumpa picha hiyohiyo mtu mwingine, hata mshindani wa mteja wa kwanza.

Mpiga picha ana sababu ya kutenganisha mambo haya. Bei ya picha tano za kuweka kwenye ukurasa wa duka haiwezi kuwa sawa na bei ya picha itakayokaa kwenye maelfu ya maboksi katika nchi tatu. Anayetoza kidogo huwa amehesabu matumizi madogo. Akiikuta picha yake kwenye ubavu wa lori Busia, huona amepunjwa. Mteja naye, aliyelipa bila kuambiwa lolote kuhusu mipaka ya matumizi, huona anadaiwa mara mbili. Kila mmoja anaamini anasema kweli, na hakuna karatasi ya kuwaamua.

Nchi jirani, majibu tofauti

Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaanza kwa kumpa haki mtunzi wa kazi. Lakini kifungu cha 31 kinaongeza kwamba kazi iliyoagizwa na mteja, au iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, haki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa mteja au mwajiri, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Uganda, sheria ya mwaka 2006 inafuata njia hiyohiyo: pasipo mkataba unaosema vinginevyo, haki ya kazi iliyoagizwa ni ya aliyeagiza.

Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaanza na mtunzi kama mmiliki wa kwanza wa haki. Mfanyabiashara wa Arusha au Mwanza anayetaka haki iwe yake anafanya vizuri kuhakikisha jambo hilo limeandikwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina sheria ya mwaka 1986, iliyotokana na utamaduni wa kisheria wa Kibelgiji na Kifaransa, ambao haki huanzia kwa mtu aliyeiumba kazi.

Kwa haraka, mfanyabiashara anaweza kudhani kwamba Nairobi na Kampala yuko salama bila mkataba. Si hivyo kabisa. Kwanza, lazima athibitishe kwamba kweli aliagiza kazi. Picha ambayo mpiga picha alikuwa ameshaipiga kwa mipango yake, kisha akaiuza baadaye, haikuagizwa. Pili, wapiga picha wengi huweka masharti yao kwenye ankara au kwenye ujumbe wa kukubali kazi. Masharti hayo yakikubaliwa yanaweza kuwa ndiyo "makubaliano vinginevyo" yanayotajwa na sheria. Tatu, hata haki za kiuchumi zikihama, mtunzi hubaki na haki za kimaadili: kutambuliwa kuwa ndiye aliyepiga picha, na kupinga kuharibiwa kwa kazi yake kwa namna inayomvunjia heshima.

Wala umbali hauondoi haki. Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za sanaa na maandishi kimataifa, tangu mwaka 1984. Kenya tangu 1993, Tanzania 1994, Burundi 2016 na Uganda 2022. Kwa mkataba huo, mpiga picha wa Mwanza analindwa Kampala bila kulazimika kuisajili picha yake huko, na ulinzi anaoupata unafuata sheria ya Uganda. Muda nao ni mrefu. Kenya, picha hulindwa kwa miaka 50, kwa hiyo kusema "hii ni ya siku nyingi" si utetezi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kushirikiana katika masuala ya haki miliki. Ushirikiano huo haujazaa sheria moja ya hakimiliki. Forodha imesogezwa karibu na mfanyabiashara mdogo, lakini katika hakimiliki kila nchi bado ina sheria yake na ofisi yake: COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya, na URSB kwa Uganda.

Anayeiga picha yako utamzuiaje?

Mazungumzo mengi kuhusu hakimiliki humtisha mfanyabiashara kwamba atashtakiwa. Kuna hasara nyingine iliyo karibu zaidi naye: kushindwa kumzuia anayemwigia.

Chukua mfano wa muuza mchele wa Kahama aliyetengenezewa picha nzuri ya kifungashio, akapata wateja Kigali. Miezi sita baadaye, mtu mwingine anachukua picha hiyohiyo na kuiweka kwenye mifuko ya mchele wa hali ya chini. Wateja wanalalamika, jina linachafuka. Mwenye mchele anapotaka kuchukua hatua, swali la kwanza ataloulizwa ni hili: wewe ni nani juu ya picha hii? Kama ni mmiliki, au ana leseni ya pekee iliyoandikwa, ana mahali pa kusimama. Kama ana ruhusa ya mdomo tu, mwenye nguvu ya kulalamika ni mpiga picha, ambaye huenda hana haja na ugomvi huo.

Sheria ya Kenya inaliweka jambo hili wazi katika kifungu cha 33. Kuhamisha hakimiliki, au kutoa leseni ya pekee, hakuna nguvu mpaka kuwe kwa maandishi na kusainiwa na anayetoa haki. Leseni ya kawaida inaweza kuwa ya mdomo, au kuonekana tu kutokana na mwenendo wa wahusika, lakini inaweza kuondolewa wakati wowote isipokuwa kama ilitolewa kwa mkataba. Kwa hiyo anayechapisha maboksi 5,000 kwa kutegemea neno la simu anaweza kuambiwa aache kabla hajamaliza hata robo yake.

Mtu aliye ndani ya picha

Hakimiliki ni suala la aliyepiga na aliyeagiza. Mtu anayeonekana kwenye picha analindwa kwa njia nyingine, hasa sheria za faragha na ulinzi wa taarifa binafsi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za aina hiyo mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022.

Si sheria za kukaa kabatini. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliipiga faini ya Sh1,850,000 za Kenya baa moja ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Wengi wanaofanya biashara ya mpakani hufanya jambo kama hilo kila wiki: wanampiga picha mama aliyekuja kununua kitenge, wanaiweka mtandaoni kuonyesha kwamba duka lina wateja.

Mpiga picha hawezi kumpa mfanyabiashara ridhaa ya mtu mwingine, hata akimuuzia haki zote za picha. Ridhaa hiyo hutafutwa kwa mhusika mwenyewe, ikieleza picha itatumika wapi na kwa kazi gani. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Aliyekubali kupigwa picha dukani hajakubali kuonekana kwenye bango la barabarani Kisumu.

Picha za "bure"

Njia ya mkato inayotumiwa na wengi ni kuchukua picha mtandaoni. Kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji wa Google si ruhusa. Kuwekwa Instagram si ruhusa kwa kila anayeiona. Zipo picha zinazotolewa kwa leseni za wazi za Creative Commons, lakini nazo zina masharti: nyingine zinataka mpiga picha atajwe, nyingine zinakataza matumizi ya kibiashara, nyingine haziruhusu kubadilishwa. Lebo ya bidhaa ni matumizi ya kibiashara.

Wanaoagiza mzigo Guangzhou au Dubai hupewa picha na msambazaji. Hapo swali ni kama msambazaji mwenyewe ana haki ya kuzigawa. Ujumbe mfupi wa maandishi kutoka kwake, unaosema picha hizi zinaruhusiwa kutumika kutangaza bidhaa hii katika nchi fulani, haugharimu kitu, na siku ya ubishi utamsaidia aliyeuhifadhi.

Karatasi moja kabla ya kamera kuwashwa

Mkataba wa picha hauhitaji kurasa kumi. Kwa mfanyabiashara wa kawaida, ukurasa mmoja unatosha kama unajibu maswali haya: ni picha zipi na ngapi; zitatumika wapi, kama ni mitandao, vifungashio, mabango au magari; katika nchi zipi; kwa muda gani; leseni ni ya pekee au ya kawaida, au haki zinahamishwa kabisa; nani anaruhusiwa kuzihariri; jina la mpiga picha litatajwa au la; wakala wa nchi jirani anaruhusiwa kuzitumia au la; na bei ya haya yote ni kiasi gani. Ridhaa za watu wanaoonekana ziambatanishwe.

Sentensi ya msingi inaweza kusomeka hivi: "Mpiga picha anampa mteja leseni ya pekee ya kutumia picha 12 zilizoorodheshwa hapa, kwenye vifungashio, mabango na mitandao ya kijamii, katika nchi za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa miaka mitatu kuanzia tarehe ya kusainiwa." Asiyehitaji nchi tatu aandike moja, na atumie hoja hiyo kupunguziwa bei. Anayetarajia kupanuka aandike mapema bei ya kuongeza nchi au muda, asije akajadiliana wakati maboksi yameshachapishwa na mpiga picha anajua hana pa kukimbilia.

Karatasi hiyo iwekwe pamoja na ankara na cheti cha uasilia. Afisa wa Namanga au Busia hataiomba. Ataiomba wakili, ofisi ya hakimiliki, au duka kubwa la Nairobi linalotaka uhakika kabla ya kupanga bidhaa kwenye rafu zake. Wakati huo mpiga picha anaweza kuwa amebadilisha namba ya simu.