Shehena ya Tovuti

Wako wasemao kwamba tovuti isiyo na picha nyingi ni ya kizamani. Hoja hiyo haina nguvu. Tovuti ya kwanza, aliyoiweka Tim Berners-Lee mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu, nayo ilisomeka. Mwaka 1993 programu ya Mosaic ikaeneza desturi ya kuchanganya picha na maandishi. Tangu hapo kurasa zimezidi kunenepa. Alipaye gharama ya unene huo si mbunifu, bali mvuvi wa Mbwera, katika Delta ya Rufiji wilayani Kibiti, atafutaye habari za upepo: picha zingali zikifunguka, bando limekwisha. Nahodha wa huko hupima kina cha mkondo kabla ya kupakia shehena. Mbunifu naye na apime uwezo wa msomaji kabla ya kupamba.