Kalemie: Pneu husomwa ubavuni, si kwenye meno

Mjini Kalemie, mtu anayetafuta pneu nne za gari la 4x4 huanza kwa kupiga simu. Garaji inamtuma kwa muuzaji wa vipuri, na muuzaji naye ana mtu wake Kigoma. Siku zinapita, kisha anaambiwa mzigo umefika bandarini. Anakwenda, anainama, anapitisha kidole kati ya meno ya pneu na kuuliza: «Papa, hii imetoka wapi?» Anajibiwa: «Ulaya, patron. Angalia meno, ingali nzima.» Wanabishana bei kwa dola, wanakubaliana, na kijana wa kwado anaanza kazi yake.

Katika mazungumzo hayo yote kuna maswali mawili ambayo hayakuulizwa. Pneu ile ilitengenezwa mwaka gani? Na inaruhusiwa kubeba kilo ngapi? Majibu yake hayahitaji mtaalamu wala mashine. Yameandikwa ubavuni mwa pneu, kwa herufi na tarakimu ambazo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzisoma.

Jambo hili haliwahusu wenye magari peke yao. Gari linalotoka Kalemie kwenda kaskazini upande wa Bendera na Fizi, au kusini upande wa Moba, au magharibi upande wa Nyunzu, ni nadra kwenda tupu. Nyuma kuna magunia ya mihogo au mahindi, madumu ya mafuta ya mawese, samaki waliokaushwa, na juu ya hayo yote wanakaa watu. Wamelipa nauli, lakini hakuna aliyewaonyesha magurudumu. Mama mwenye uchungu anayetolewa kituo cha afya cha kijijini kupelekwa hospitali kuu naye hachagui pneu. Ikipasuka kwenye mteremko, mwenye gari anapoteza pneu moja. Wao wanaweza kupoteza zaidi.

Tarehe ndiyo rahisi kuliko yote. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna mfululizo wa herufi na tarakimu unaomalizika kwa tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kama mwishoni kuna tarakimu tatu tu, pneu hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kuwa kiti cha watoto uwanjani. Mara nyingine tarehe iko upande mmoja tu wa pneu, na kama upande huo umefungwa kwa ndani, haionekani. Kwa hiyo inatazamwa kabla ya kufunga, si baada.

Kwa nini tarehe, ikiwa meno bado ni marefu? Kwa sababu mpira unazeeka hata ukiwa umelala depo. Jua, joto na hewa vinaukausha, nyufa ndogo zinatokea ubavuni, na tabaka za ndani zinaanza kuachana bila kuonekana kwa nje. Michelin, kwa mfano, inashauri pneu ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na ibadilishwe ikifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama meno yake hayajaisha, na hata kama ni ile ya akiba. Hao ni watu wanaohesabu kwa barabara za lami na mizigo ya halali. Pneu iliyoegemezwa ukutani mbele ya duka, ikipigwa na jua la ziwani mwezi baada ya mwezi, inazeeka haraka zaidi. Na ikipakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, inapendeza macho na nyufa zinajificha. Mnunuzi apitishe kidole ubavuni pia, si kwenye meno tu, na aipinde kidogo ili nyufa zifunguke.

Uzito ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua. Baada ya kipimo cha pneu kuna namba na herufi, kama 106S au 116Q. Namba ni uzito. 106 ni kilo 950 kwa pneu moja, 116 ni kilo 1,250. Pneu mbili za nyuma zenye 106 zinabeba kwa pamoja kilo 1,900. Zenye 116 zinabeba 2,500. Tofauti ni kilo 600, yaani magunia sita ya kilo mia. Kwa macho zinaweza kufanana kabisa, na ile ya kwanza huenda ina meno marefu kuliko ya pili. Lakini moja ilitengenezwa kwa gari la familia linalokwenda kazini na kurudi, na nyingine kwa gari la mzigo. Ukiifunga ya kwanza kwenye Land Cruiser ya kubeba watu kwenda Nyunzu, haitalalamika siku ile. Itapata joto, itapoa, itapata joto tena, mpaka siku moja.

Kuhusu meno yenyewe, ubishi wa kwenye garaji ni kati ya A/T na M/T. A/T ni ya ardhi zote, M/T ni ya matope. Vijana wanapenda M/T kwa sababu ya sura yake. Gari linaonekana la vita. Ni kweli kwamba Januari, barabara ikiwa imegeuka uji, meno makubwa yanajisafisha na kushika. Lakini kwenye ardhi ngumu ya kiangazi na kwenye mawe yanaisha haraka, yanapiga kelele, na kwenye lami yenye maji yanateleza zaidi. Gari linalofanya kazi mwaka mzima, mvua na kiangazi, linahudumiwa vizuri zaidi na A/T yenye ubavu mgumu. M/T imfae yule ambaye kazi yake kweli ni matope.

Kisha kuna kipimo. Pneu nzuri ya kipimo kigeni ni mzigo siku inapokatika. Land Cruiser nyingi za kazi zinatembea kwa 7.50R16, mara nyingi ikiwa na shamba-eri ndani, ile mipira ya hewa ambayo kwado wa kijijini anaweza kuitoa, kuiziba kwa kiraka na kuirudisha kwa pampu ya mkono. Mwenye kubadili jante ili apate pneu pana za kisasa ajiulize kwanza nani atamsaidia akiwa katikati ya Kalemie na Kabalo. Jibu la kweli kwa kawaida ni hakuna mtu.

Wauzaji nao wasikilizwe. Wanasema mteja mwenyewe ndiye anayetaka ya bei nafuu, na hawasemi uongo. Pneu mpya yenye jina inavuka mipaka, inalipa ushuru wa forodha na kodi ya 16 kwa mia, inalipa boti na wapakuzi, na mwisho inakaa dukani ikimsubiri mnunuzi mwenye uwezo. Tangu Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, njia za biashara za kutoka Kivu zimekuwa za mashaka, na mfanyabiashara wa Kalemie anatazama zaidi ziwa, yaani Kigoma, Bujumbura na Mpulungu, au anasubiri mzigo kutoka Lubumbashi. Katika hali hiyo, pneu zilizokwisha kutumika, zile zinazoitwa okazio, hazitatoweka. Kuzipiga marufuku ghafla kungezipandisha bei tu na kuziingiza usiku.

Lakini okazio ya miaka minne na okazio ya miaka kumi na tano si bidhaa moja, na leo zinaweza kukaa kwenye rundo moja zikitofautishwa kwa urefu wa meno tu. Hapo dola inaingia. DGDA inapokea ushuru bandarini. OCC, ambayo kazi yake kisheria ni kuangalia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, inalipwa kwa kazi hiyo. Kusoma tarakimu nne ubavuni hakuhitaji maabara. Inahitaji mtu mmoja, tochi, na amri iliyoandikwa kwamba pneu iliyopita umri fulani haitoki bandarini kama pneu. Serikali ya jimbo inaweza kuomba hilo bila kungoja Kinshasa itunge sheria mpya, na inaweza pia kuagiza kila muuzaji aandike mwaka wa pneu kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatapoteza chochote; atapata sababu ya kueleza kwa nini yake ni ghali.

Mashirika ya misaada nayo yana sehemu yao. Magari yao yanabadilishiwa pneu kwa ratiba, na hilo ni jambo jema. Swali ni zinakwenda wapi zile zilizotolewa. Shirika linaloona pneu haifai tena kubeba watumishi wake halina haki ya kuiacha ikabebe wakaaji wa Nyunzu. Ikatwe ubavu kabla ya kutoka kwenye ua. Mafundi wa viatu vya mpira wataipokea hivyo hivyo.

Mvua za kwanza kwa kawaida huanza Oktoba. Kabla ya hapo, abiria anayepanda gari kwenye kituo cha Kalemie anaweza kumwomba shofere jambo moja ambalo halimgharimu hata franka: «Papa shofere, tuonyeshe mwaka wa pneu zako za nyuma.» Wengine watacheka. Mmoja atainama atazame.