Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mashariki ya Kolwezi, katika jimbo lilo hilo la Lualaba, uko mji wa Bunkeya. Katika karne ya 19 ulikuwa mji mkuu wa Garenganze, na mwanzilishi wa dola hiyo alikuwa Msiri.

Msiri hakuwa mwenyeji. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, mwana wa Kalasa, mchuuzi wa shaba kutoka Unyamwezi, nchi iliyomo leo katika Tanzania. Alifika yapata mwaka 1856, akapokewa kama apokewavyo mgeni. Basanga na jirani zao walijua tangu kale kuyeyusha mawe ya shaba na kusubu misalaba iliyotumika kama fedha. Yeye alikuwa na bunduki. Kwanza aliwasaidia wenyeji wake juu ya adui zao, kisha akawatawala. Pembe, shaba, na ole wetu, hata watumwa, vikapelekwa Benguela upande wa magharibi na pwani ya Zanzibar upande wa mashariki, baruti ikarudi.

Akili hakukosa, wala ushujaa. Lakini aliitegemeza enzi yake juu ya hofu. Kodi ilikuwa nzito, na mafuvu ya waliouawa yalitundikwa juu ya miti ya boma. Basanga wakachoka, wakaasi. Njia zikafungwa, njaa ikaingia Bunkeya. Ndipo, Desemba 1891, alipofika Kapteni Stairs, mtumishi wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msiri aliikataa bendera yake. Tarehe 20 akapigwa risasi na Kapteni Bodson, naye Bodson pia akauawa.

Hatusemi kwamba waliomwua walikuwa wenye haki. Nao waliifuata shaba ile ile. Twasema tu kwamba siku ya hatari wengi aliowaonea hawakuwa na sababu ya kumlilia.

Kolwezi ya leo imejaa watu waliokuja kwa ajili ya machimbo, wakubwa kwa wadogo. Kuja si dhambi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kila baba na amwulize mwanawe jioni hii: tangu tulipofika hapa, jirani yetu amepona nini kwa ajili yetu? Na kama mtoto hana jibu, baba asimkemee. Alitafute yeye kesho asubuhi.